Mkimbiaji wa nusu marathoni 1:02:40, umri miaka 28: aendelee na mbio au afungue duka?

MkufunziWaMbio (Arusha)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mchango wa wanaoijua riadha na wa wanaoijua biashara, kwa sababu jambo lenyewe limekaa katikati ya hayo mawili.

Kambini kuna mkimbiaji wa miaka 28. Muda wake bora wa nusu marathoni ni 1:02:40, aliouweka misimu miwili iliyopita. Msimu huu amekimbia 1:03:50, kisha 1:04:05. Marathoni kamili bado hajaijaribu. Kuna mbio moja ya barabarani Marekani aliyomaliza nafasi za mbele, zawadi ni dola 10,000, hela bado haijaingia. Familia inasema ikiingia tu afungue duka la vifaa vya ujenzi na mbio ziishie hapo. Yeye anasema mazoezi yamekosa ladha, lakini ukimwambia apumzike wiki mbili anakataa.

Nauliza mambo matatu. Mtu anajuaje kwamba kuvumilia kwake bado kuna maana, na si ubishi tu? Kati ya hizo dola 10,000, zitakazomfikia mkononi ni ngapi? Na je, biashara inaweza kwenda sambamba na mazoezi ya mara mbili kwa siku bila kuua kimoja?

---

Kapseret77 (Eldoret)

Mwalimu, kabla hujamwuliza moyo wake, uliza damu yake. Mkimbiaji aliyeshuka kwa zaidi ya dakika moja ndani ya misimu miwili, anayesema mazoezi hayana ladha na hataki kupumzika, mara nyingi ni mgonjwa asiyejijua. Mpeleke apimwe wingi wa damu pamoja na feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Wingi wa damu unaweza kuonekana wa kawaida wakati akiba imekwisha. Kwa mtu wa mbio ndefu anayeishi mwinuko mkubwa, feritini chini ya 30 ni tatizo la kushughulikiwa hata kama karatasi ya maabara imeandika "kawaida". Asipime akiwa na mafua au ametoka kuugua malaria, kwa sababu uvimbe mwilini hupandisha feritini na majibu yatakudanganya.

Ikionekana iko chini, vidonge vya chuma vinyonywe vizuri: siku moja anywe, siku moja aache, asubuhi, pamoja na chungwa au maji ya limau. Kosa la kambi zetu ni chai ya maziwa. Mtu anameza kidonge cha chuma kwa chai ileile iliyochemshwa na maziwa, halafu anashangaa miezi mitatu hakuna kilichobadilika. Majani ya chai na maziwa vyote huzuia chuma kunyonywa. Chai isubiri angalau saa nzima.

Angalizo moja kubwa. Asiende zahanati kuomba "dripu ya nguvu". Kanuni za kupambana na dawa zilizokatazwa zinazuia dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa iwe sehemu ya matibabu halali ya hospitalini au awe na kibali cha matibabu. Maji matupu ya chumvi yanatosha kumfungia. Na sindano ya goti vilevile: tangu mwaka 2022 sindano zote za jamii ya kotisoni zimekatazwa kipindi cha mashindano, na baadhi hukaa mwilini wiki nyingi. Aseme yeye ni mwanariadha kabla muuguzi hajafungua kichupa.

Sasa swali lako la kuvumilia. Usipime kwa shindano moja. Chukua matokeo matatu bora ya kila msimu kwa misimu mitatu, piga wastani, halafu andika pembeni hali ya siku hiyo: joto, vilima, alikuwa peke yake au na kundi. Wastani ukishuka misimu miwili mfululizo na damu ni nzuri, na usingizi ni saa nane, na hana jeraha, hapo ndipo mjadala wa kuacha unapoanza. Kabla ya hapo ni kukata tamaa kwa kubahatisha.

Na kuna njia ya tatu ambayo familia nyingi haziioni: kubadili mbio bila kuacha riadha. Eliud Kipchoge alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London mwaka 2012, ingawa alishakuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003. Mwaka huohuo akakimbia nusu marathoni yake ya kwanza kwa 59:25, na Aprili 2013 akashinda marathoni ya Hamburg kwa 2:05:30. Kwenu Tanzania mnaye Filbert Bayi. Alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.16. Olimpiki ya Montreal 1976 ikampita kwa mgomo wa nchi za Afrika akiwa kwenye ubora wake. Moscow 1980 akaja na mbio nyingine kabisa, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akaondoka na medali ya fedha.

Kijana wa 1:02:40 anakimbia kilomita kwa dakika 2:58. Kwa soko la nusu marathoni hiyo ni kasi ya watu wengi mno, hasa huku kwetu. Lakini mtu huyohuyo akiweza kushika 3:00 kamili bila kuyumba mpaka kilomita 30, ana kazi ya kuweka kasi kwenye marathoni, yaani kulipwa kuongoza kundi kwa mwendo uliopangwa, maana 3:00 kwa kilomita ni marathoni ya 2:06:35. Waandaaji hawamlipi kwa mwendo mkali. Wanamlipia kutoyumba. Mjaribu hivi: kilomita 30 barabarani, saa isiwe mkononi mwake bali kwako kwenye pikipiki, uandike kila kilomita 5. Huko kwenye mwinuko mpe 3:12 hadi 3:15 kwa kilomita. Vipande sita vikitofautiana kwa zaidi ya sekunde 10, bado hajawa tayari kwa kazi hiyo.

---

Hesabu_Safi (Moshi)

Nijibu la pesa, kwa sababu hapa ndipo ndoa huvunjika. Familia inasikia "elfu kumi" na inaanza kununua mabati kichwani.

Marekani hukata asilimia 30 ya zawadi ya mwanariadha mgeni palepale kwenye chanzo. Zinabaki dola 7,000. Meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15, na wengi huihesabu kwenye ile 10,000 kabla ya kodi, kwa hiyo 1,500 nyingine. Zinabaki 5,500. Kama meneja alitanguliza tiketi na gharama za viza, tuseme 1,600, anazirudisha kwanza: zinabaki 3,900. Wewe mwalimu mkiwa mna makubaliano ya asilimia 10, toa 1,000. Kijana ameshika 2,900. Kisha zawadi nyingi hazilipwi mpaka majibu ya vipimo vya dawa yatoke, na hiyo ni miezi. Mtu akikopa leo kwa matumaini ya hela hiyo, riba inaanza kuila kabla haijatua.

Habari njema: ile 3,000 siyo lazima iwe imekwenda moja kwa moja. Ni kodi iliyozuiwa, na hesabu kamili hufanywa baadaye. Mwandaaji anatakiwa kumpa fomu 1042-S, ambayo hutoka kabla ya katikati ya Machi mwaka unaofuata. Kwa fomu hiyo, akiwa na namba ya mlipakodi ya Marekani (kwa mgeni inaitwa ITIN, huombwa kwa fomu W-7), anawasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) ya 1040-NR na kuondoa gharama zake halali: tiketi, kamisheni ya meneja, hoteli. Kwa kipato kidogo kama hiki kiwango cha kwanza ni asilimia 10, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile 3,000 inaweza kurudi. Kinachowanyima watu ni kutotunza risiti. Anunue bahasha moja ya plastiki, kila safari iwe na yake. Na mkataba wa meneja useme wazi: asilimia inahesabiwa kabla au baada ya kodi, na kodi ikirudi ni ya nani.

Jambo la pili ni mpangilio. Mkimbiaji wa barabarani hupata hela mara mbili au tatu kwa mwaka, na kula anakula kila siku. Kabla ya biashara yoyote, atenge gharama za miezi 12: chakula, kodi ya chumba, viatu, nauli, ada za wadogo zake. Viatu peke yake visisahaulike; kwa mazoezi ya kilomita 160 kwa wiki jozi moja ya mazoezi haimalizi miezi miwili ikiwa na ubora wake. Kinachozidi hapo ndicho mtaji. Kwa Tanzania anaweza kuanzia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS au hatifungani (mikopo kwa serikali) zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo zinaanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba kila miezi sita. Siyo biashara ya kusimulia kijiweni, lakini hailazimishi mtu kusimama juani mchana baada ya kukimbia kilomita 35.

---

MkufunziWaMbio (Arusha)

Asanteni sana. Hiyo hesabu nitaibandika ukutani kambini. Kipimo cha damu tunakwenda Jumatatu.

Amesikia habari ya duka akasema bora ng'ombe wa maziwa wawili nyumbani kwao Mbulu, kwa sababu "ng'ombe hajali kama umeshinda au umeshindwa". Kaka yake ndiye atakayewaangalia. Wenye ujuzi wa mifugo mnasemaje?

---

Mhimilishaji (Njombe)

Ndugu mwalimu, ng'ombe hajali matokeo ya mbio ila anajali saa. Wafanyakazi wengi na wanamichezo wanaofuga kwa simu hupoteza hela mahali pamoja: joto lisiloonekana, yaani ng'ombe kutaka kupandwa bila mtu kumwona.

Ng'ombe jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na hukaa humo kati ya saa 12 na 18 tu. Dalili ni kupanda wenzake na kukubali kupandwa, ute mwangavu unaovutika, kupiga kelele, maziwa kupungua siku hiyo. Ukimwona asubuhi ahimilishwe (apandikizwe mbegu) jioni. Ukimwona jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Ili umwone, mtu lazima asimame bandani dakika 20 hadi 30 alfajiri na tena jioni bila kufanya kazi nyingine. Sasa angalia ratiba ya mkimbiaji: alfajiri yuko barabarani, jioni yuko barabarani. Akikosekana mwangalizi, kila joto linalopita ni siku 21 za kulisha ng'ombe bila mimba. Yakipita matatu, umepoteza miezi miwili ya maziwa ya uzao unaofuata, na kwenye daftari hakuna mahali palipoandikwa hasara.

Kwa hiyo swali si ng'ombe au duka. Swali ni je, kaka yake ni mtu wa kusimama bandani alfajiri kila siku, na analipwaje? "Ataangalia tu" ndiyo mwanzo wa ugomvi. Wakubaliane kiasi cha mshahara au mgawo wa maziwa, kwa maandishi, hata kama wamezaliwa tumbo moja.

Chakula: ng'ombe wa kilo 450 anahitaji karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku katika malisho makavu, yaani kilo 13 na nusu. Akilishwa majani ya tembo mabichi, ambayo mengi yake ni maji, hiyo ni karibu kilo 70 kwa siku kwa ng'ombe mmoja. Wawili ni kilo 140. Mbulu kiangazi kinauma. Bila saileji (majani mabichi yaliyovundikwa) au nyasi kavu zilizowekwa tangu mvua, maziwa yanakatika Septemba. Juu ya majani, pumba na mashudu kama kilo 1 kwa kila lita 2 za maziwa. Maji lita 60 hadi 100. Kabla ya kununua ng'ombe, apande majani na asubiri yakomae. Watu hufanya kinyume: ng'ombe anafika Jumamosi, Jumapili mtu anatafuta pa kukata majani kwa jirani.

Aanze na mmoja, mwenye mimba ya miezi saba iliyothibitishwa kwa mkono wa daktari na si kwa maneno ya muuzaji, aliyechanjwa dhidi ya ndigana kali (ugonjwa unaoletwa na kupe), na hereni ya chanjo aione mwenyewe sikioni.

---

NondoNaSaruji (Dodoma)

Niwatetee kidogo wenye duka. Duka la ujenzi linaweza kumfaa mtu wa mbio, lakini si kwa namna ambayo familia inaiona. Kwa mtaji unaotokana na dola 2,900 huwezi kuweka saruji, nondo, bati, rangi na mabomba kwa pamoja. Utakuwa na rafu zenye kimoja kimoja, mteja akiuliza vitatu anapata kimoja, harudi. Chagua kundi moja. Vifaa vya umeme wa nyumba au mabomba ya maji vina faida nzuri kwa kila kipande na havichukui nafasi. Saruji huvuta wateja lakini faida yake kwa mfuko ni ndogo sana, na ikikaa ghalani miezi mitatu huanza kuganda. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, iliyoingia kwanza itoke kwanza.

Kwenye nondo nunua mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.7. Ukiletewa ya kilo 9, umeuziwa nyembamba kwa bei ya nene, na fundi akiigundua anakutangaza mji mzima.

Kinachoua duka la mtu asiyekuwepo ni daftari la madeni. Mafundi huchukua mali kwa ahadi ya "bosi atalipa Ijumaa". Weka kiwango: jumla ya madeni isizidi sehemu moja ya kumi ya thamani ya mali iliyopo, na anayedaiwa wiki mbili hapewi tena. Malipo yote yapite Lipa Namba ambayo ujumbe wake unaingia kwenye simu ya mwenye duka. Mali ihesabiwe kila Jumapili, vitu ishirini vinavyouzika zaidi tu. Kuhesabu duka zima kila wiki hakuna anayeweza, na ndiyo maana watu huacha kabisa.

---

Kapseret77 (Eldoret)

Naongezea jambo ambalo mwenye duka hawezi kulijua. Kijana akipanda kiwango na kuingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa nje ya mashindano, atatakiwa kueleza kila siku mahali atakapopatikana kwa dakika 60 alizozichagua, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku. Akikosekana au akijaza vibaya mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa sawa na la dawa, adhabu ya kawaida miaka miwili, hata kama hajawahi kumeza chochote. Biashara ndiyo inayowaponza: mzigo umekwama bandarini, anapanda basi usiku, anasahau kubadilisha taarifa kwenye mfumo. Achague dakika 60 za alfajiri kitandani, kabla ya mazoezi, na simu yake ya kwanza kabla ya kukata tiketi ya basi iwe ni kurekebisha mahali alipo.

---

Bibi_Titi_Kata (Tanga)

Wakuu mmejibu vizuri, ila mmeruka neno la mwalimu: "mazoezi yamekosa ladha". Damu ikiwa nzuri, hilo nalo linapimika.

Wanangu, kuchoka na kumaliza havifanani. Aliyechoka, akipumzishwa siku 10 hadi 14 bila kukimbia kabisa, siku ya tisa unamwona amevaa viatu. Aliyemaliza analala vizuri, anakula, anacheka, na wiki ya tatu ikifika hajauliza kundi linakwenda wapi. Yule anayekataa kupumzika kwa kawaida anaogopa jibu. Mwalimu, usimwombe apumzike, mpe kazi. Wiki hizo mbili awapimie wadogo muda uwanjani, kila jioni, na aandike kwenye daftari. Angalieni anavyorudi nyumbani. Kama uso unafunguka akiwa na saa mkononi kuliko akiwa na viatu miguuni, huyo anaelekea ukocha, na hakuna aibu ndani yake. Bayi aliyetajwa hapo juu alimalizia kwenye shule, Kimara na Kibaha, na watoto waliopita madarasani mle wanamwita mwalimu.

Na upande mwingine msimharakishe kumwita amezeeka. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya mashindano ya dunia London 2017, kisha ikapita miaka minane bila medali ya dunia. Aprili 2025 akawa wa pili Boston, na Septemba mwaka huo Tokyo akashinda ubingwa wa dunia kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03. Alikuwa na miaka 33. Msisahau kwamba muda wote huo alikuwa mtumishi wa Jeshi la Wananchi. Mshahara unaoingia mwisho wa mwezi ndio ulionunua subira ile. Kama kijana bado ana sifa za kujiunga na jeshi, polisi au magereza kwa njia ya michezo, hilo liulizwe mapema, maana umri una kikomo na matangazo hayasubiri mtu.

---

MkufunziWaMbio (Arusha)

Majibu yametoka: wingi wa damu 13.1, feritini 14. Shikamoo Bibi Titi, nimemkabidhi saa na daftari la wadogo tangu jana. Familia imekubali kungoja mpaka hela iingie ndipo wakae kikao, na kaka yake ameanza kulima robo eka ya majani ya tembo. Kapseret, wiki hizi nimfanyishe nini?

---

Kapseret77 (Eldoret)

Kwa 14 hakuna mizunguko ya uwanjani wala fatileki (mbio za kubadili kasi) mpaka utakapomrudisha maabara. Daktari ndiye apange dozi, wewe simamia unywaji. Zikiisha siku 14 za mapumziko, arudi na dakika 40 asubuhi, mwendo ambao anaweza kuzungumza sentensi nzima, jioni asikimbie. Ongeza dakika 10 kila wiki. Msimpandishe kambi ya mwinuko zaidi kwa sasa, mwili utadai chuma ambacho hana. Pima tena baada ya wiki 8 hadi 10, maabara ileile, saa ileile ya asubuhi. Ikivuka 30 na inaendelea kupanda, ndipo umrudishie kazi ya kasi mara moja kwa wiki, na lile jaribio la kilomita 30 liwe wiki sita baada ya hapo.

Nyama nyekundu, maini, dagaa na maharage kila siku moja kati ya hivyo iwepo sahanini. Na mpishi wa kambi aambiwe birika la chai lipande mezani saa nne asubuhi, si saa mbili.